JE, TUJIUNGE NA CHAMA CHA WENYE PIKIPIKI?

(Mazungumzo yaliyotolewa na Kamati ya Mikopo mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)

Risala ya kikundi imekwisha somwa, na hesabu za miaka kumi mmezisikia. Hatutazirudia. Sisi tumepewa jambo moja tu, lile lililotukeshesha katika mikutano yetu ya karibuni: je, akina mama wenye pikipiki tujiunge na chama cha wenye pikipiki, au tubaki kama tulivyo?

Tunajua wapo watakaosema, hili nalo ni la kusemwa siku ya pilau? Ndiyo, ni la leo. Katika miaka hii kumi sanduku letu limetoa mikopo ya mbegu, ya ada za shule, ya mabati, ya mitaji ya mama lishe. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote ambacho mwanachama amekinunua kwa mkopo wa kikundi ni pikipiki. Kwa hiyo basi, pikipiki ikiyumba, mkopo unayumba, na mkopo ukiyumba ni hisa za sisi sote zinazoyumba, hata za bibi ambaye hajawahi kupanda chombo hicho maishani mwake.

TULIKOTOKA

Wazee waliopo hapa wanajua usafiri wa huku ulivyokuwa. Waingereza walipoleta mpango wao wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ukafa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa, na kilichobaki ni jina. Leo pale Nachingwea tuna Stesheni isiyo na treni. Baada ya hapo ilikuwa ni miguu, baiskeli, na lori la mtu likipita. Mama mwenye uchungu alibebwa kwa machela.

Kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitoka mwaka 2010. Neno lenyewe bodaboda ni la zamani zaidi, lilitoka mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana walivusha watu kwa baiskeli. Sasa limekuwa letu. Bodaboda ndiyo inayopeleka gunia la korosho kwenye ghala la AMCOS. Ndiyo inayompeleka mjamzito hospitali ya Mnero usiku. Ndiyo inayoleta dawa ya kupulizia mikorosho, na ndiyo inayoleta habari za msiba.

Mwanachama mwenzetu anainunuaje? Mnajua wenyewe. Katika kikundi kama chetu mtu hukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Anasubiri fedha za ufuta au korosho, anachanganya na mkopo, anakwenda dukani. Halafu haipandi yeye. Anampa mwanawe, au mpwa wake, au kijana wa jirani. Kama ni kwa hesabu, kijana analeta kiasi kilichokubaliwa kila siku na chombo kinabaki cha mama. Kama ni kwa mkataba, kijana analeta fedha mpaka muda uliokubaliwa uishe, kisha chombo kinakuwa chake.

WALIVYOKUJA WENYE CHAMA

Viongozi wa chama hicho walikuja kwenye mkutano wetu. Walikuja kwa adabu, wakavua kofia, wakakaa kwenye mkeka kama sisi. Chama hatutakitaja kwa jina hapa, maana bado tunazungumza nacho, na mazungumzo hayajaisha.

Walichoomba ni hiki. Kila mwenye pikipiki alipe kiingilio cha shilingi 20,000, kisha ada ya shilingi 5,000 kila mwezi. Zaidi ya hapo waliomba kikundi chetu kitoe mchango kutoka sandukuni, ili tupewe kiti kimoja katika kamati yao.

Walichoahidi ni hiki. Pikipiki ikikamatwa, mjumbe wa chama atafuatilia. Dereva akiumia, chama kitachanga. Kila dereva atavaa koti lenye namba ili ajulikane. Chombo kikiibwa, vijiwe vyote vitaarifiwa. Na la mwisho, wenye pikipiki wote watapanga kiwango kimoja cha hesabu, ili dereva asiweze kumkimbia bosi mmoja kwenda kwa mwenye hesabu ndogo.

Walipoondoka, ukumbi uligawanyika. Wapo waliosema, "Jamani mama zangu, kidole kimoja hakivunji chawa." Wapo waliojibu, "Tuna chama chetu hapa, cha pili cha nini? Michango mingine hiyo!" Mama Mwenyekiti akasema Kamati ikae, ichambue, ilete maneno. Ndiyo haya.

SIKU KUMI NA MBILI

Tuanze na fedha, maana sisi ni watu wa daftari. Tuchukulie mfano wa mwenye pikipiki anayeletewa hesabu ya shilingi 7,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni shilingi 42,000 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni shilingi 2,184,000, kama hakuna siku hata moja mbaya. Na mwaka usio na siku mbaya haujazaliwa. Kuna tairi, kuna cheni, kuna oili, kuna siku ambayo kijana anarudi jioni na kusema, "Mama, leo kijiwe kimelala."

Sasa chama. Mwaka wa kwanza ni kiingilio 20,000 na ada za miezi 12 ambazo ni 60,000. Jumla 80,000. Gawanya kwa 7,000, utapata karibu siku 12. Maana yake, katika mwaka wa kwanza pikipiki yako itakifanyia kazi chama kwa wiki mbili nzima kabla haijakufanyia wewe. Mwaka wa pili ni karibu siku tisa.

Ni nyingi? Inategemea. Pikipiki ikikaa kituoni wiki mbili, umekosa shilingi 84,000. Chama kikiitoa siku ya kwanza, ada ya mwaka imerudi. Lakini kama mwaka umepita na hakuna lolote walilokufanyia, siku zako 12 zimekwenda na maji. Kwa hiyo swali si kama ada ni kubwa au ndogo. Swali ni kama siku hizo 12 zitarudi, na nani atakuonyesha kwamba zimerudi.

Na jambo jingine hawakulifikiria, labda kwa kuwa wao wako mjini. Kwetu fedha ina majira. Ufuta ukiuzwa, kisha korosho zikianza minada mwezi wa kumi, kijiwe kinachangamka mpaka usiku. Masika ikishika, udongo unanata, pikipiki inasukumwa badala ya kupandwa, na abiria anaona heri atembee. Ada ya kila mwezi kwa mtu wa huku ni kumtafutia deni mwezi wa pili na wa tatu. Tumewaambia, ada ilipwe mara mbili kwa mwaka, baada ya ufuta na baada ya korosho. Wamesema watalitazama.

YALIYOWAPATA WENZETU

Tuyaseme mambo mawili yaliyotokea, bila majina, kwa idhini ya wenyewe.

La kwanza. Mwenzetu mmoja anakaa upande wa Ruangwa. Dereva wake alikamatwa upande wa Nachingwea, kabeba mishikaki, yaani abiria wawili, na hakuna aliyevaa kofia ngumu. Makosa ni makosa, hatuyatetei. Tangu mwaka 2021 faini ya kosa la pikipiki ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na kijana alikuwa na uwezo wa kulipa. Shida ilikuwa kadi. Pikipiki ilinunuliwa mkononi mwa mtu, na kadi ilikuwa bado ina jina la mwenye zamani, ambaye amehamia Dar es Salaam. Chombo kikakaa. Mama akapanda gari kwenda, akarudi, akaenda tena. Kwenye kijiwe cha kule dereva hakuwa na mtu anayemjua wa kumsemea. Ikumbukwe kuwa Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea hadi mwaka 1995 ilipofanywa wilaya yake. Sisi tunaoana, tunazikana, tunauziana, lakini kijiwe kina mipaka yake. Kwa mama huyu, chama chenye watu pande zote mbili kingekuwa msaada.

La pili ni zito zaidi. Kijana mwingine aliteleza kwenye tope wakati wa masika, mguu ukavunjika. Wenzake wa kijiweni walichanga siku ile ile, wakampeleka hospitali. Mwenye pikipiki alipata habari siku ya tatu. Baada ya wiki, wazee wa upande wa kijana walikuja barazani kwake. Hawakuja kwa ugomvi. Walikunywa uji, wakauliza hali ya mashamba, kisha mmoja wao akasema, "Mama, mtoto ameumia akiwa na chombo chako. Wewe unasemaje?"

Ndugu wanachama, mama yule hakuwa na la kusema, na sisi pia hatukuwa nalo. Mfuko wetu wa jamii unamsaidia mwanachama na watu wa nyumba yake waliotajwa katika katiba. Dereva hayumo. Bima ndogo aliyokuwa nayo inamlinda mtu wa tatu, haimlipi dereva aliyeanguka peke yake, wala haitengenezi pikipiki. Na huku nyuma mkopo wa sanduku uliendelea kudai kila mkutano. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tulimsogezea muda, na kijana anatembea sasa, ingawa kwa kuchechemea. Swali la yule mzee bado lipo. Dereva akiumia, nani anasemaje?

VYAMA TUMEVIONA

Wapo wenzetu wanaosema tusiogope, chama ni chama. La hasha. Watu wa kusini tumeishi na vyama vya kila namna. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, wanachama hawakuulizwa, kisha vikarudi kwa sheria ya mwaka 1982. Stakabadhi ghalani ilipoanza kwenye korosho mwaka 2007, wengi wetu tuliogopa, mali inaingia ghalani na mkononi unabaki na karatasi. Zipo AMCOS zilizofanya vizuri, na zipo ambazo wakulima walipunjwa mpaka viongozi wakaitwa kujieleza. Mfumo ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa ni nani anasoma mizani na nani anasoma daftari.

Kwenye pikipiki nako majirani wametutangulia. Kampala, Uganda, kulikuwa na chama kilichoitwa Boda Boda 2010. Kilikuwa na nguvu, mpaka kikalaumiwa kwa kuwatisha na kuwapiga waliokataa kujiunga. Mwaka 2018 kiongozi wake alikamatwa na chama kikasambaratika. Rwanda wao waliwaweka waendesha pikipiki katika vyama vya ushirika. Baadaye malalamiko yakawa mengi kuhusu michango isiyoonekana ilikokwenda, na mwaka 2022 Serikali ikaanza kuvipanga upya vyama vya Kigali. Kumbe chama chaweza kukosewa kwa njia mbili. Chaweza kuwa rungu mkononi mwa mtu mmoja, na chaweza kuwa mfuko uliotoboka.

Tumesikia pia kwamba Marekani kampuni ya Harley-Davidson ilianzisha chama cha wenye pikipiki zake mwaka 1983, watu wanakutana, wanasafiri pamoja, wanafurahi. Heri yao. Mtu wa namna hiyo akiamua vibaya, amepoteza ada na Jumamosi moja. Kwetu pikipiki ni jembe. Huwezi kuingia chama cha wenye majembe kwa ajili ya kupendeza.

BOSI NI MAMA, DEREVA NI MWANA

Sasa tufike kwenye kiini, ambacho ndicho Kamati ilikikalia muda mrefu zaidi.

Katika ahadi zote za chama, ile iliyopigiwa makofi ni ya kupanga kiwango kimoja cha hesabu. Nasi tuliipenda mwanzoni. Ni nani hataki hesabu isishuke? Lakini hebu tuulizane. Wenye pikipiki wakikaa peke yao wakapanga hesabu, wanampangia nani? Wanampangia dereva. Na dereva huyo ni nani? Kwa tajiri wa mjini mwenye pikipiki ishirini, dereva ni kijana tu, akiondoka huyu anakuja yule. Kwetu sisi dereva ni mtoto uliyemnyonyesha, au wa dada yako, au wa mama mnayekaa naye mkeka mmoja kila wiki. Sisi ndio mabosi, na sisi ndio mama zao.

Hesabu ikipandishwa kijiweni, nani atailipa? Kijana atakimbia zaidi, atabeba mishikaki, atakesha, atampa deiwaka chombo ili apumzike kidogo, na huyo deiwaka humjui. Faida unayoipata kwa mkono wa kulia utaitoa hospitali kwa mkono wa kushoto. Mama aliyeulizwa na wazee barazani anajua tunachosema.

Tena kuna hili. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni njia iliyowekwa kwa vikundi. Vijana wa kijiwe wakiwa na kikundi chao kilichosajiliwa, wanaweza kuomba, na siku moja kila mmoja akawa na chombo chake. Mama mmoja alisema mkutanoni, "Sasa wakipata zao, zetu atapanda nani?" Tulicheka, lakini mwenzake akamjibu vizuri, "Shoga, si ndiyo uliyokuwa unamwombea?"

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Chama cha wenye pikipiki peke yao, chenye kazi ya kupanga hesabu dhidi ya vijana, kitaugawa kila mji wenye pikipiki katika kikundi hiki. Chama chenye wenye pikipiki na waendeshaji, ambamo anayeipanda ana kiti na sauti, hicho tunaweza kukaa nacho. Hesabu na ipangwe wote wakiwa wamekaa, ishuke masika na ipande korosho.

MASWALI YA SANDUKU

Tukasema, basi tukipime chama hicho kwa kipimo tunachokijua. Miaka kumi sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Fedha inahesabiwa mbele ya wote, na asiyejua kusoma anakariri kichwani salio la mkutano uliopita, akikosea mwandishi anasahihishwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliwapelekea viongozi wa chama maswali matano.

Kwanza, funguo ziko kwa nani? Yaani fedha inawekwa wapi, na wanaotia saini ni wangapi.

Pili, daftari linasomwa lini, na mbele ya nani?

Tatu, mikutano inafanyika saa ngapi na wapi? Mkutano wa saa tatu usiku kijiweni ni mkutano wa wanaume, hata kama katiba inasema wote wanakaribishwa.

Nne, mwanachama anatokaje? Mlango wa kuingilia wametuonyesha, wa kutokea hatujauona.

Tano, dereva akiumia analipwa nini, kwa utaratibu gani, na nani anaamua? Tunataka kiasi kiandikwe. "Tutachanga" si jibu.

La kwanza na la pili wamejibu kwa maandishi, na majibu yanaridhisha. La tatu wamekubali kukutana Jumapili alasiri. La nne na la tano bado. Mgeni Rasmi, hatusemi hivi kuwachafulia jina. Chama kinachokubali kuulizwa na akina mama wa kijijini na kikajibu matatu kati ya matano kina mwelekeo mzuri.

AMBAYO CHAMA HAKITATUFANYIA

Isije ikaeleweka kwamba tukiingia chama tumemaliza. Yapo mambo ambayo hata ukilipa ada mara kumi ni ya kwako mwenyewe, na mwenye pikipiki akiyafanya, nusu ya shida za chama hatazihitaji.

Kadi iwe na jina lako. Ukinunua chombo kilichotumika, badilisha umiliki TRA kabla hujamkabidhi kijana ufunguo. Leseni ya dereva iwe yake mwenyewe, isiwe ya kaka yake. Leseni ya usafirishaji ya LATRA na bima viwe hai, na tarehe za kuisha uandikiwe kwenye karatasi uibandike ukutani. Kofia ngumu ziwe mbili, ya dereva na ya abiria, na ya abiria isiwe ile iliyokatika mkanda.

Na mkataba uandikwe. Tunajua inaona aya kuandikiana na mwanao. Andika hivyo hivyo, mjumbe wa kitongoji ashuhudie. Uandike hesabu ni kiasi gani, masika inakuwa kiasi gani, tairi ananunua nani, deiwaka ruksa au marufuku, na akiumia kila mmoja anabeba nini. Yule mzee akija barazani, mtakuwa na karatasi ya kusoma pamoja.

MAPENDEKEZO YA KAMATI

Kwa hayo yote, tunapendekeza kwa wanachama mambo manne, ambayo yatapigiwa kura katika mkutano wa kwanza baada ya sherehe hii.

1. Sanduku lisitoe hata shilingi moja kwenda kwenye chama hicho. Kikundi chetu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na fedha zilizomo ni akiba na mikopo ya wanachama wote. Wapo humu wasio na pikipiki na wasiotaka kuwa nayo. Haiwezekani hisa zao zinunue kiti kwenye chama kisichowahusu.

2. Mwenye pikipiki anayetaka kujiunga ajiunge kwa jina lake na kwa fedha yake. Asiyetaka asichekwe wala kusemwa. Kama chombo kiko kwa hesabu, ada alipe mwenye chombo. Kama kiko kwa mkataba, kijana achangie, maana kesho ni chake.

3. Wanaojiunga waingie pamoja siku moja, si mmoja mmoja, na waingie baada ya maswali yale mawili kujibiwa kwa maandishi na waendeshaji kupewa viti. Mtu mmoja akiuliza daftari anaitwa mkorofi. Wakiuliza kumi, linaletwa.

4. Iwe ni majaribio mpaka msimu wa korosho ujao uishe. Wakati huo tutakaa chini, kila aliyejiunga aeleze siku zake 12 zimerudi au hazikurudi. Wakati huo huo kikundi kianze kufikiria mfuko mdogo wa madereva, ili kama chama kikishindwa, kijana asilale hospitali huku sisi tukisubiri.

Kura ikisema vinginevyo, sisi wa Kamati tutaifuata kura. Kazi yetu ilikuwa kuchambua, na mwenye mchele mnaujua, haupikwi kabla ya kuchambuliwa.

Vijana wetu mliosimama kule nyuma, mmesikia mkitajwa sana. Hatukuwasema, tuliwasemea. Siku ya kujibu maswali hayo mawili mwakilishi wenu awepo, aje na kalamu. Na leo mkiondoka hapa na hawa bibi zenu mgongoni, mmoja mmoja tafadhali, hakuna mishikaki siku ya maadhimisho.

Mgeni Rasmi, Mama Mwenyekiti, ndugu wanachama, kidumu kikundi chetu.